Kavindu Bele ya Kaburi

Mikail alikuwa amefungwa pingu kwenye mguu wa benchi. Benchi lenyewe lilibaki na miguu mitatu, na huo aliofungwa ndio uliolegea, kwa hivyo angetaka kutoroka angeung'oa tu na kwenda nao kama mkongojo. Hakutaka. Aliketi kwa adabu, kofia yake ya kufuma juu ya goti, akingoja mtu amuulize jambo la maana.

"Huyu ndiye?" Sajini Ndinda aliuliza.

"Ndiye," akasema Inspekta Kilonzo, mkuu wa kituo. "Fundi wa kompyuta, mtu wa Mwingi. Amepatikana na laptopu mbili. Mtu mwaminifu, laptopu mbili za nini?"

"Wewe una simu ngapi, afande?"

"Hiyo ni tofauti."

Ilikuwa tofauti kweli, maana mke wa Inspekta aliijua simu moja tu.

Ndinda hakucheka. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na hakujua kama kimetiwa sukari. Asubuhi alikuwa amepita hospitalini Kitui kumwona Mzee Munyao. Alisimama mwisho wa kitanda, akaandika aliyoambiwa na daktari, akatoka. Tangu hapo kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya karatasi.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Munyao wa hapa Tulia alikuwa na shamba kando ya mto, na malori ya mchanga yalichimba mto hadi shamba likaanza kumeguka. Wakili mmoja mwenye ofisi sokoni akawa anaandaa kesi dhidi ya wenye malori. Mzee alikubali kuwa shahidi kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe hadi siku ya korti. Aliyechapa maneno yake alikuwa Kavindu, karani wa wakili, aliyekuwa ametoka kumzika babake. Zaidi ya hao, hakuna aliyejua. Kisha watu wakaja, wakafunga mlango wa mzee kwa nje, wakawasha moto. Majirani walimtoa kupitia paa, lakini walichelewa kidogo, na kidogo hicho kiliutosha moto. Kompyuta ya Kavindu ilipoangaliwa, ikaonekana ushahidi wa mzee ulitumwa nje kutoka hapo hapo, kwa jina la Kavindu na neno lake la siri.

Sasa Kavindu alikuwa seli. Kesho asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kumtoa mzee wa watu achomwe.

"Msichana aliuza jina, fundi wa ofisi yao akamsaidia," Kilonzo alisema. "Mbasi. Mimi sioni kitu kingine hapa."

"Mfungue, afande. Hawezi kunionyesha chochote kwa mkono mmoja."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya ripoti, imefunikwa na gazeti kama mkate.

"Nani ameigusa tangu iletwe?" Ndinda aliuliza.

"Hakuna hata mtu mmoja," Kilonzo alisema. Akafikiri. "Ila yule konstebo wa zamu alicheza karata kidogo."

Mikail alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alipoyafumbua alisugua kifundo cha mkono, akaomba laptopu yake moja kati ya zile mbili za uhalifu. "Hii yenyewe siiwashi tena," alisema. "Natoa nakala ya kila kitu kilichomo, tuangalie nakala. Akija mtu kuuliza kortini, ya asili iko vile ilivyoletwa. Ukiacha karata."

Ndinda alivuta kiti. Aliuliza swali lake la kwanza kabla nakala haijakamilika. "Kitu gani cha mwisho kuingia kabla ushahidi haujatoka?"

Mikail alitafuta. "Barua pepe. Imetoka kwa mtu anayejiita Kamati ya Mazishi. Ndani kuna furushi moja la picha."

"Furushi ni nini?"

"Mtu anachukua picha nyingi, anazikunja pamoja, zinakuwa faili moja dogo la kutuma. Wewe ukilipata unalifungua kwa programu, picha zote zinatoka."

"Kama mtumba."

"Kama mtumba, afande. Sasa kila nguo ndani ya huu mtumba imeandikiwa pa kwenda. Picha hii iende kwenye folda ya picha, na hii pia, na hii. Programu ya siku hizi inasoma hizo anwani, ikiona moja ya ajabu inakataa. Hii ya Kavindu ni ya zamani. Inaamini kila kitu." Akageuza laptopu ili aone. "Hili la mwisho si picha. Anwani yake inasema, toka kwenye folda, panda juu, panda tena, zunguka nyuma, ingia pale ambapo vitu hujiwasha vyenyewe kompyuta ikiwaka."

Ndinda alitazama mstari ule wa herufi na nukta. "Mgeni wa mazishi. Umemwekea kiti chini ya hema, yeye amepita jikoni hadi chumba cha kulala."

"Na ameingia chini ya kitanda. Siku hiyo hafanyi kitu, hata ukimtafuta humsikii. Anangoja uzime kompyuta uende nyumbani. Kesho yake ukiwasha, ndipo anaamka. Anaamka akiwa na funguo zako zote."

"Kwa hivyo hahitaji kujua neno la siri."

"La nini? Kavindu mwenyewe anamfungulia kila asubuhi."

"Hilo tundu lilikuwa linajulikana?"

"Dunia nzima. Wenye programu waliliziba kitambo, lakini hii haijisasishi yenyewe, mpaka mtu aje aweke mpya. Nilimwambia wakili. Akaniuliza, 'Si inafungua?' Nikasema inafungua. Akasema, 'Basi iache.'"

"Na aliyetengeneza kitu hiki ni mtu wa akili nyingi?"

"Hapana, afande. Vitu hivi viko mtandaoni, vimeshapikwa. Wewe unatia tu picha zako."

Kilonzo, aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya haelewi ili asije akaulizwa, alikohoa. "Mbasi ni watu wa ng'ambo. Nasikia huko wako wengi."

"Nisomee majina ya picha," Ndinda alimwambia Mikail.

Mikail alisoma. "Kwaya. Jeneza. Halafu... Dugu wa marehemu. Wageni bele ya nyuba. Kavindu bele ya kaburi."

"Rudia."

"Kavindu bele ya kaburi. Ndivyo imeandikwa."

Kilonzo alipiga meza kwa furaha. "Nilisema nini? Angalia Kiswahili chao! Huyo ni mzungu kabisa."

Ndinda aliweka kikombe chini. Kilikuwa kimepoa hata hajakinywa. "Mzungu angetumia mashine ya kutafsiri, afande. Mashine haina haya na haina mwalimu. Ingeandika ndugu, mbele, nyumba, bila kosa. Na Mkamba asiyejali angekosea vipi?"

"Angekosea vipi?"

"Sema baba."

"Mbaba," alisema Inspekta Kilonzo, na hakuona tatizo.

Mikail aliinamia laptopu kwa bidii nyingi kuliko kazi iliyokuwepo.

Ndinda aliendelea kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Wakati yeye akiwa kuruti, walikuwa na mwalimu wa kwata kutoka pwani ambaye aliwapanga Wakamba mstari wao peke yao, akawaamuru wabane pua kwa vidole na kusema baba, dada, gari. Wakati wa chakula pia. Wengi walipoachiwa pua walirudi zao kwenye mbaba na ndanda na maisha yakaendelea. Lakini kila kundi lilikuwa na mmoja aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kufa. Huyo aling'oa m na n zote mdomoni mwake, pamoja na zile zilizokuwa na haki ya kukaa. Akatoka chuoni akila dizi na kufuga buzi.

"Huyu wetu ni kama huyo," alisema. "Aliyeandika haya ni mtu wa kwetu, aliyesomea mahali alipochekwa, na alikuwa kwenye mazishi ya babake Kavindu."

"Na mimi?" Mikail aliuliza.

"Wewe kaa hapo na laptopu zako. Usipotee."

"Niende wapi, afande? Benchi mmelivunja."

*

Kavindu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu visivyo na kamba vimepangwa kando yake kama vya mtu aliyeingia msikitini. Alikuwa msichana mwembamba wa sauti ndogo. Hakuuliza kama amekuja kufunguliwa.

"Shikamoo, mwaitu," alisema, kwa Kikamba cha kumwita mama.

"Marahaba. Ulifungua zile picha?"

"Nilifungua."

"Hukuona jinsi zilivyoandikwa?"

"Niliona. Nilidhani ni haraka."

"Na kwa nini ofisini?"

Kavindu alitazama vidole vyake. "Simu yangu haiwezi kufungua furushi. Na nilitaka kuziona kubwa. Mwaitu, siku ile ya mazishi kule Kilungu nilikuwapo lakini sikuwapo. Watu wanasema niliimba. Wanasema nilitia udongo. Sikumbuki hata nani alinishika mkono. Sikulia, mpaka shangazi zangu wakanisema. Zilipokuja picha nikaona, sasa nitajua kama kweli nilikuwa pale."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilivaa sweta ya kijani. Sikujua."

Ndinda aliandika *sweta*, kisha akaikata, kwa sababu haikuwa na kazi. "Katika kamati, kuna aliyesomea pwani?"

"Kitheka, mtoto wa baba mdogo. Alilelewa Mombasa na shangazi. Ndiye alikuwa mwendesha shughuli na ndiye alipiga picha." Kwa mara ya kwanza kitu kama uhai kilipita usoni mwake. "Wananiambia aliposema watoto wa marehemu waje bele, kwaya nzima iliingiza uso kwenye vitabu vya nyimbo."

"Siku hizi anafanya kazi gani?"

"Yuko njia panda, pale barabara ya Kilungu inapoacha ya Mombasa. Ana kontena. Anapiga chapa, anapiga picha za pasipoti." Akatazama mlango wa seli. "Na anawaandikia wenye malori karatasi zao za kupita."

"Malori ya nini?"

Kavindu alivuta viatu vyake karibu, akavishika kama mtu aliyeambiwa gari limefika.

"Mzee Munyao ameamka?" aliuliza.

"Bado."

"Akiamka ataambiwa ni mimi."

*

Walifika njia panda na konstebo Kaveke akaegesha nyuma ya lori lililojaa mchanga, mbichi bado, ukichuruzika maji kama limeiba mto mzima likasahau kuukamua. Kontena la Kitheka lilikuwa limepakwa rangi ya samawati. Ubavuni, kwa brashi na kwa hasira, palikuwa na maandishi makubwa:

USIKOJOE HAPA. CHOO KIKO BELE, CHINI YA MWEBE.

Ndinda alisimama akayasoma. Kaveke, mwanamke mrefu asiyesema sana, naye akasoma.

"Hiyo inang'oka?" Ndinda aliuliza.

Kaveke aligusa. Ilikuwa ubao, si ukuta. "Misumari minne tu, sajini."

"Piga picha kwanza. Halafu utoke na bisibisi."

Ndani, Kitheka alinyanyuka haraka. Alikuwa kijana wa suti, tai imebana shingo, kiatu kinang'aa kwenye barabara isiyoruhusu kiatu king'ae. "Karibu dani, karibu dani. Polisi wetu! Mutakunywa chai? Kuna madazi ya moto."

"Madazi nitashukuru," alisema Ndinda, akaketi.

Alikula moja. Lilikuwa na ladha ya karatasi. Alimpa pole za msiba, akaulizia shangazi, akaulizia mvua ya vilimani, akaacha kimya kikae kati yao hadi kijana akaanza kukijaza mwenyewe.

"Ni jabo la aibu hili la Kavindu," Kitheka alisema. "Sisi kama familia tumeumia sana. Yule dada alikuwa mtu wa kanisa."

"Mimi nina shida naye," Ndinda alisema. "Anasema aliletewa barua ya picha, na eti hiyo ndiyo iliyomwibia. Mimi sijui kompyuta. Nimemwambia picha haiwezi kuiba. Kisha akabadilisha, akasema hata hakuifungua. Nimechoka naye. Nataka mtu wa familia aniambie ni mwongo, niandike, niende nyumbani nikalale."

"Ni mwogo," Kitheka alisema upesi. "Aliifugua."

"Umejuaje?"

"Aliniambia. Alinipigia simu akashukuru kwa picha."

"Vizuri. Kwa hivyo aliifungua, picha zikatoka, na ushahidi ukaibiwa saa ile ile. Ndivyo nitaandika?"

"La, si saa ile ile." Kitheka alitabasamu, kama mtu anayemsaidia mama wa makamo kuvuka barabara. "Haiwezi kuwa saa ile ile, sajini. Ni lazima azime, halafu kesho awashe, dio ishike."

Nje, msumari mmoja ulitoka kwenye ubao ukilia. Kisha wa pili.

Ndinda aliendelea kuandika, pole pole, akamaliza sentensi, akatia nukta. "Nani alikwambia habari ya kuzima na kuwasha?"

"Ni... ni kawaida. Kila mtu ajua kobyuta."

"Kule kituoni anayejua ni fundi mmoja, na mimi, na Inspekta, ambaye ameshasahau. Na aliyeitengeneza."

Kaveke aliingia na ubao kwapani. Kitheka aliutazama ubao, akamtazama Ndinda, akautazama tena ubao, na akawa kama mtu anayetafuta kosa lake katika sentensi ya kukojoa asilione.

"Huo ni wagu," alisema.

"Uliuandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wagu."

"Asante. Kaveke ni shahidi." Ndinda alifungua daftari ukurasa alikonakili majina ya picha, akaliweka juu ya ubao, neno kwa neno, bele kwa bele. Hakumweleza. Alingoja.

Ilichukua muda. Usoni mwa kijana palipita vitu vingi, na cha mwisho, ambacho Ndinda alikitambua kwa sababu alikiona kila siku kwenye mstari wa kwata, kilikuwa kile cha mtoto aliyechekwa na darasa zima.

"Nimekosea wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapa. Na hapa. Zinataka m."

Kitheka alijaribu neno mdomoni bila kulitoa. Akaketi. Kaveke alizima njia ya mtandao ya ile kompyuta ya kontena, akaanza kuifungasha, na wakati akiinua kibodi alimwonyesha sajini kwa kidole: kwenye skrini, ndani ya folda ya mazishi, furushi lilikuwapo, na kando yake lile faili lisilokuwa picha, likingoja kama ndugu wa pili asiyeitwa.

"Niliabiwa wanataka jina tu," Kitheka alisema. "Wazugumze naye. Wamuobe. Sikujua watafuga mlago."

"Nani aliyekwambia?"

Alimtaja. Ndinda aliandika jina la mwenye malori, akamwomba alirudie, akaandika tena.

"Kwa nini picha za kaburi la baba yako mkubwa? Kulikuwa na vitu vingine vya kumtumia."

Kitheka alilegeza tai. Alipojibu hakuchagua tena herufi, zikatoka zilivyotaka, m zake zote mahali pake kama zilikuwa zimejificha chini ya ulimi miaka yote hiyo.

"Kwa sababu hakulia. Nilimwona kwa kamera. Mtu ambaye hakulia lazima atarudi kuangalia."

Ndinda alifunga daftari. "Kaveke," alisema, "mpe mkono wako, asijikwae hapo mlangoni."

Nje, dereva wa lori alikuwa amesimama akikojoa mahali ambapo ubao ulikuwa.

*

Jua lilikuwa linagusa mapaa waliporudi Tulia. Inspekta Kilonzo alisoma maelezo yote, akasema tangu mwanzo yeye alishuku mtu wa familia, akaenda kupiga simu kuhusu mwenye malori akitumia ile simu inayojulikana. Mikail alikuwa bado kwenye benchi, hajafungwa. Mguu alikuwa ameukaza kwa msumari.

Kavindu aliletwa mezani. Alipewa kamba za viatu, mkanda, simu na Biblia ndogo, akatia sahihi kwa kila kimoja. Alipoambiwa ni Kitheka, aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa namba ya gari. Alianza kutia kamba viatu. Alikosea tundu, akaanza upya.

"Hospitali wataniruhusu kuingia?" aliuliza.

"Kesho. Nitakwenda na wewe. Akiamka, mimi ndiye nitakayemwambia."

"Na zile picha?"

"Ni kielelezo. Zinakaa hapa hadi kesi iishe."

Kavindu akainama tena kwenye viatu. "Sawa," alisema. "Niliona moja tu vizuri. Zilizobaki nilikuwa nimeziweka za jioni."

Ndinda alimtazama Mikail. Mikail aliinua mabega. "Picha yenyewe haina ugonjwa, afande. Naweza kutoa nakala moja, safi, bila furushi. Ile ya asili haitaguswa."

"Toa."

Mashine ya kituo ilinguruma, ikakwama, ikapigwa kofi na Mikail, ikanguruma tena. Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Watu weusi wa nguo nyeusi, udongo mwekundu wa Kilungu, na katikati msichana wa sweta ya kijani, mikono wazi, macho makavu, akitazama chini. Na chini ya picha, kwa sababu hivyo ndivyo mashine hufanya, jina la faili: *Kavindu bele ya kaburi*.

Ndinda aliichukua kabla haijafika mkononi mwa mwenyewe. Alitoa kalamu mfukoni, akaegemea meza ya ripoti, na mbele ya neno *bele*, kwa mwandiko wake wa ripoti usio na pambo, akatia m.

Kavindu aliisoma. Akaisoma tena. Ndipo bega moja likaanza kutetemeka, kisha la pili, na Inspekta Kilonzo, aliyekuwa akirudi na habari njema kutoka kwenye simu, akasimama mlangoni na kuuliza nani sasa amempiga huyu mtoto.

"Hakuna, afande," alisema Ndinda. Alichukua kikombe chake cha asubuhi, akakinywa baridi vile kilivyokuwa. Hakikuwa kimetiwa sukari.